Malkia wa nywele za njano

Mzazi mwenzangu, juzi binti yangu wa darasa la pili alinionyesha picha aliyochora nyuma ya daftari la hesabu. Nilitaka kugomba, maana bei ya madaftari unaijua, lakini nikaitazama kwanza. Ni malkia, nywele za njano hadi kiunoni. Nikamuuliza mbona hafanani na yeye wala bibi yake.

“Mama, malkia wa kwenye vitabu hawana nywele kama zetu.”

Sisi tunakaa Mbagala. Malkia yule hajawahi kugombania daladala ya Rangi Tatu, lakini ndiye anayemjua.

Nikamkumbuka John Tenniel, mchoraji aliyezaliwa London mwaka 1820. Akiwa na miaka kama 20, alikuwa akicheza na baba yake mchezo wa kupigana kwa vitara. Ncha ya kitara cha baba ikamjeruhi jicho la kulia, na jicho hilo likapoteza nuru. Inasimuliwa kwamba hakumwambia mzee ukubwa wa jeraha, asije akaishi akijilaumu. Niliposoma hapo niliweka simu chini kidogo.

Mtu huyo wa jicho moja ndiye aliyechora picha 42 za hadithi ya Lewis Carroll kuhusu Alice, mtoto aliyemfuata sungura hadi shimoni. Ilikuwa mwaka 1865. Nakala 2,000 za kwanza zilipochapwa, Tenniel hakuridhika na jinsi picha zilivyotoka. Carroll akakubali zirudishwe, kitabu kikachapwa upya, na gharama ikawa juu yake. Yote hayo kwa ajili ya picha za kitabu cha watoto!

Alice wa Tenniel ni mtoto wa Kizungu, nywele zimemwagika mabegani. Lakini mwaka 1940 hadithi hiyo ilitoka kwa Kiswahili, ikaitwa Elisi katika Nchi ya Ajabu. Picha zake zilifuata za Tenniel, ila Elisi alichorwa mtoto wa Kiafrika. Sungura ni yule yule na vituko ni vile vile. Aliyebadilika ni binti.

Jioni nilimsimulia wangu. Akanyamaza, akatafuta penseli nyeusi.

“Mama, malkia anaweza kusuka twende kilioni?”

Nikamwambia anaweza, tena taji litamkaa vizuri zaidi. Nikampa karatasi, daftari la hesabu nikalirudisha kwenye begi.