Jiko Lalaumiwa, Mwenye Nyumba Je?



Kila baridi ya Juni na Julai inaposhuka Nairobi, habari ni ile ile: watu wamelala na jiko la makaa chumbani, na asubuhi majirani wamevunja mlango. Kisha wakubwa hunena: watu hawa ni wajinga, waelimishwe. Basi. Marehemu huzikwa pamoja na lawama.

Sisi twauliza: chumba kile kilijengwa na nani, na kodi yake yaliwa na nani?

Tazameni chumba cha Kibera. Futi 10 kwa 10, kuta za udongo au mabati, mlango mmoja. Mara nyingi dirisha halipo, maana upande wa pili ni ukuta wa chumba kingine, nacho chalipiwa kodi. Nendeni Kawangware kwenye ploti: safu mbili za vyumba zatazamana, na ujia mwembamba katikati. Humo hupikwa, na humo hulala baba, mama na watoto. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na bati halizuii baridi. Mlango hauachwi wazi kwa sababu ya wezi. Nyufa huzibwa kwa magunia. Blanketi la pili ni pesa, lakini makaa yaliyopika ugali yangali na moto. Mtu afanye nini?

Na hatari yenyewe haionekani. Wengi wetu twaogopa moshi. Moshi ukiisha na makaa yakawa mekundu, twaona sasa jiko laweza kuingia ndani. Hapo ndipo penye mauti. Makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Damu huishika hewa hii kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko ishikavyo oksijeni, hata mtu akakosa pumzi huku anavuta pumzi. Aliye macho huumwa kichwa, huona kizunguzungu, miguu hulegea. Aliyelala hapati onyo lolote. Hata lile jiko la bati na udongo lililoenea tangu miaka ya 1980, zuri kweli kwa kuokoa makaa, halikuiondoa sumu hiyo. Jiko litoke nje kabla ya kulala. Ukimkuta mtu amelegea, mtoe kwanza nje penye hewa safi, kisha hospitali upesi akapewe oksijeni.

Hayo twayasema wazi. Lakini asije bwana yeyote kutuambia kwamba elimu yatosha. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, yahesabu nyumba isiyopitisha hewa kuwa kero ya kuondolewa, na kasoro ikiwa ya ujenzi, amri humwendea mwenye nyumba, si mpangaji. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ya kufaa au pesa za kutosha kupanga. Pesa za kutosha! Apikaye na kufua katika majumba ya Lavington ana jiko la gesi mchana na la makaa usiku. Na tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, mishahara yakatwa shilingi 1.50 katika kila 100. Kukatwa twakatwa, tundu la hewa hatulioni. Nalo tundu chini ya paa ni kazi ndogo kwa fundi. Mwenye nyumba asiyekosa njia ya kuja kuchukua kodi hakosi njia ya kuja na fundi.

Tusiwasahau askari wa usiku, wanaojifungia na jiko katika vibanda vya mbao langoni. Huko ni kazini, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamhusu mwajiri. Koti zito ni juu yake.

Kabla ya baridi ijayo, wajumbe wa kila tawi waandike vyumba na vibanda visivyo na tundu: mtaa, ploti, na jina la apokeaye kodi au la mwajiri. Majina ya wapangaji yasiandikwe, wasije wakafukuzwa. Orodha ya vyumba itapelekwa kwa mkono kwa afisa wa afya wa Kaunti, na mhuri wa kupokelewa utatakiwa papo hapo.