Unapokosa usingizi ugenini, waambie nyumbani ukweli



Miezi michache iliyopita, baada ya Misa ya kwanza ya Jumapili, mama mmoja wa parokiani alinisubiri nje ya sakristia. Hakuja kuungama, angekuja kuungama nisingeandika hapa hata neno moja. Alikuja na simu mkononi na swali, na baadaye aliniruhusu niwasimulie wengine mradi nisimtaje jina.

Binti yake anafanya kazi za nyumbani Oman, sasa ni mwaka wa pili. Kila jioni wanatumiana ujumbe wa sauti. Binti husema, "Mama, mimi mzima, kazi si ngumu, nalala vizuri." Mama hujibu, "Na sisi huku wote wazima, mwanao anasoma, usiwe na wasiwasi." Kumbe mama huyo usiku hapati usingizi. Presha ilikuwa imemlaza hospitalini siku nne, na binti hakuambiwa. Usiku mmoja, saa nane, alichukua simu atazame picha ya mwanawe. Akaona ile alama ya WhatsApp inayoonyesha kwamba mwenye namba yupo hewani. Oman ilikuwa saa tisa za usiku. Usiku uliofuata akaangalia tena, hivyo hivyo. Wiki nzima.

"Padre," akaniuliza, "mtu anayelala vizuri anafanya nini kwenye simu saa tisa za usiku?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilibaki nawafikiria watu wawili wanaopendana, kila mmoja yuko macho katika giza lake, kila mmoja ana simu mkononi, wala hakuna anayethubutu kupiga, kwa sababu jioni ile ile wameambiana kwamba wanalala.

Ndugu msomaji, huenda wewe ni mmoja wao. Huenda ni mwalimu uliyepangiwa kituo katika mkoa ambao huna hata binamu. Huenda ni mwanafunzi wa chuo, askari, muuguzi, kijana uliyekuja Dar es Salaam kutafuta riziki, au unasoma haya kwenye simu ukiwa Muscat au Toronto. Mchana unajikaza. Usiku, taa ikizimwa, mawazo yanapanga foleni: kodi ya chumba, deni la wakala, mtoto uliyemwacha kwa bibi, harufu ya jiko la kwenu. Unahesabu saa. Saa saba, saa nane, saa tisa. Jogoo anawika hujafumba jicho, na kazi inakusubiri.

Nina maneno machache kwa ajili yako, na la kwanza ni hili: kukosa usingizi kwa sababu ya msongo wa mawazo na kukumbuka nyumbani si dhambi, wala si dalili kwamba imani yako imekufa. Nalisema wazi kwa kuwa wapo wanaofika kwetu wakiwa wameshaambiwa kwamba wametupiwa kitu, au kwamba wana pepo wa usiku, au kwamba hawasali vya kutosha. Kijana asiyelala wiki tatu anapelekwa kwenye mkesha! Mimi ni padre, naipenda mikesha. Lakini mtu aliyekesha siku ishirini na moja kwa lazima hahitaji mkesha wa ishirini na mbili. Anahitaji mtu wa kumsikiliza, kisha anahitaji kitanda.

Tufungue Maandiko Matakatifu. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 27, Rebeka anamtuma mwanawe Yakobo kwa mjomba wake Labani, huko Harani, ili aiepuke hasira ya Esau. Anamwambia akakae huko siku chache tu. Wazazi mnaowasindikiza watoto stendi mnalijua neno hilo. Siku chache hizo zikawa miaka ishirini, na Biblia haitusimulii popote kwamba mama na mwana walionana tena.

Usiku wa njiani, sura ya 28, Yakobo analala porini na jiwe likiwa mto wake. Analala, anaota ngazi inayofika mbinguni, na Mungu anamwahidi kwamba atakuwa pamoja naye na atamrudisha katika nchi ile. Usingizi ukampata juu ya jiwe. Baadaye anapata makazi, anaoa, ana watoto na mifugo. Na hapo ndipo usingizi unamkimbia. Tunajuaje? Kwa sababu mwenyewe anasema, sura ya 31. Anamweleza Labani usoni kwamba mchana joto lilimmaliza, usiku baridi, na usingizi ukayaacha macho yake. Na kwamba mshahara wake ulibadilishwa mara kumi.

Hebu tulipime jambo hili. Kwanza, baba wa makabila kumi na mawili ya Israeli alikosa usingizi ugenini, na Mungu hakumkataa. Pili, shida yake haikuwa godoro. Ilikuwa uchungu alioubeba bila kuusema. Aliunyamazia miaka mingi. Alipousema wote, waziwazi, ndipo yeye na Labani wakafanya agano, wakakusanya mawe yawe ushahidi, wakala pamoja na kukaa mlimani mpaka asubuhi. Ukweli uliosemwa mchana uliwapa watu wale usiku mmoja wa amani.

Nami nalifahamu hilo kwa kulipitia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilitoka Songea kwenda seminari kuu ya Ntungamo, Bukoba, kusoma falsafa. Basi hadi Dar es Salaam, treni ya reli ya kati hadi Mwanza, kisha meli usiku kucha kuvuka ziwa. Nilikuwa sijawahi kuwa mbali na kwetu hivyo. Baba yangu alikuwa mgonjwa nilipoondoka. Kila kitu kilikuwa kigeni: lugha ya watu, ndizi mezani badala ya ugali, mvua inayopiga bati usiku kama mawe. Nilikuwa nalala saa mbili, pengine tatu. Nyumbani niliandika barua nikisema nimenenepa.

Asubuhi moja, wakati wa tafakari ya kimya kanisani, nilisinzia mpaka kitabu kikaanguka sakafuni. Mlezi wetu wa kiroho aliniita baada ya kifungua kinywa. Nilijiandaa kuadhibiwa. Akaniuliza swali moja tu: "Frateri, kwenu ni wapi?" Nikaanza kumweleza ilipo Songea, na kabla sijamaliza machozi yalikuwa yananitoka. Akaniacha nilie. Kisha akanipa karatasi na bahasha, akasema, "Mwandikie baba yako barua nyingine, na safari hii usimdanganye."

Niliandika kwamba namwogopea, kwamba silali, kwamba nimefikiria kurudi. Barua ile ilichukua wiki nyingi, na majibu yake wiki nyingi tena. Lakini nataka ulishike jambo hili: mimi sikusubiri majibu ndipo nilale. Nililala usiku ule ule nilioipeleka barua posta. Baba alikuwa bado mgonjwa, Songea ilikuwa bado mbali, ila uongo niliokuwa naulinda kila usiku ulikuwa umeondoka. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Na mficha machozi, usiku humwumbua.

Sasa wapo watakaoniambia, "Padre, nikimwambia mama ukweli nitamwua kwa presha." Hofu hiyo ni ya upendo, siidharau. Lakini mtazame mama yule wa parokiani. Hakuambiwa ukweli, na presha ilimpata vilevile. Mzazi husikia sauti ya mwanawe kabla ya maneno. Unapomficha, humwondolei mzigo; unamwachia mzigo usio na jina, naye anaukisia kila usiku kuwa mkubwa kuliko ulivyo.

Kusema ukweli hakumaanishi kumwaga yote kwa pupa saa nane za usiku. Chagua mchana. Chagua mtu mmoja mwenye moyo mtulivu. Sema, "Nimechoka, silali, nawakumbuka." Inatosha kwa siku ya kwanza. Ukiwa huna mtu nyumbani wa kumwambia, mtafute palipo karibu: paroko, mwenzako wa kazini, mama wa jumuiya. Hata Muscat, mtaa wa Ruwi, kuna Kanisa Katoliki la Watakatifu Petro na Paulo. Najua si kila binti wa kazi anapewa ruhusa ya kutoka, lakini anayepata nafasi atakuta huko watu wa mataifa mengi wanaoujua upweke huo.

Mwili nao una haki yake. Nabii Eliya, katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, sura ya 19, alichoka mpaka akaomba afe. Mungu hakumhubiria. Alimwacha alale chini ya mti, malaika akamwamsha ale mkate na kunywa maji, akalala tena, akaamshwa na kula tena. Baada ya hapo ndipo akapata nguvu ya kutembea siku arobaini hadi Horebu, na huko ndipo Mungu akazungumza naye. Kwanza usingizi na chakula, maongezi baadaye.

Kwa hiyo yasikilize na mashauri ya madaktari. Lala na uamke saa zile zile kila siku. Acha kahawa na chai ya rangi nzito kuanzia alasiri. Simu iweke mbali na mto. Ukiona kama dakika ishirini zimepita na usingizi hauji, usipigane nao. Inuka, kaa mahali penye mwanga hafifu, fanya jambo la utulivu, rudi kitandani unaposikia usingizi. Pombe hukulaza haraka na kukuamsha katikati ya usiku. Vidonge vya usingizi usijinunulie dukani. Vingine vinamfanya mtu ashindwe kulala bila hivyo. Na kama unakosa usingizi usiku tatu au zaidi kila wiki, na miezi mitatu imefika, nenda kwa daktari. Ukianza kufikiria kujidhuru, usingoje miezi; nenda siku hiyo hiyo, na mtu akusindikize.

Kisha sala. Kanisa lina Sala ya Usiku, fupi kuliko zote, ya kumrudishia Mungu siku kabla ya kulala. Unachunguza dhamiri, unaomba msamaha, unaikabidhi roho yako mikononi mwake. Ukisinzia katikati ya rozari, usijilaumu. Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu alikuwa mtawa, tena leo ni Mwalimu wa Kanisa, naye aliandika kwamba mara nyingi alisinzia wakati wa sala. Alijifariji kwamba wazazi huwapenda watoto wao wakiwa wamelala kama wanavyowapenda wakiwa macho.

Na ninyi mlio nyumbani, nina neno nanyi pia. Mtu wenu wa mbali anapopiga simu, ni mara ngapi swali la kwanza ni fedha? Ada, bati, msiba, harusi. Mnamfundisha kwamba anapendwa akiwa mzima na mwenye mshahara. Jumapili hii mpigie, usimwombe kitu, mwulize, "Unalala?" Halafu nyamaza umsikilize. Nasi tulio kwenye Jumuiya Ndogo Ndogo, mgeni aliyehamia mtaani, akiwa mwalimu au mlinzi wa geti, tumwulize lile swali la mlezi wangu: kwenu ni wapi?

Mama yule alinisikiliza. Alimpigia bintiye mchana, akaanza yeye kusema ukweli: kwamba alilazwa. Binti alilia, kisha naye akasema yake: kazi inayoisha saa sita za usiku, deni, na jinsi anavyoisikiliza sauti ya mtoto wake kwenye simu mpaka alfajiri. Nilipokutana naye tena, mama aliniambia kwamba sasa kila jioni wanatumiana fungu moja la rozari kwa ujumbe wa sauti, kila mmoja anasali nusu yake, kisha wote wanazima simu. Binti amepata lisaa limoja au mawili zaidi ya usingizi. Mkataba bado una miezi kumi na minne, na deni halijaisha. Mama bado huamka saa nane mara moja moja.

"Ila sasa, Padre," aliniambia, "nikiamka najua ninamwombea nini."

Mungu awape usiku mwema ninyi nyote mlio mbali na kwenu. Jumapili njema.