Kamba Hukatikia Pembamba

Wanachama wenzangu, msimu wa karafuu ukikaribia kila mwenye shamba hushughulika. Hununua majamvi, hutafuta magunia, hufyeka chini ya mikarafuu, huuliza bei. Jambo moja husahauliwa kila mwaka, nalo ni uhai wa mchumaji aliye juu. Mkarafuu mkubwa hupita mita 12, na tawi lake, kama tujuavyo sote, si la kuaminiwa, hukatika ghafla. Mtu akianguka, twasema ni kudura. Kudura ipo, hapana shaka, lakini kamba nayo ipo, na hatukuinunua.

Nayaandika haya nikiwa Mbeya kwa shughuli zangu, mbali na karafuu lakini karibu na watu wa miti. Huku Nyanda za Juu Kusini yako mashamba makubwa ya misindano: Kawetire na Kiwira upande wa Mbeya, na Sao Hill huko Mufindi, mkoani Iringa. Tunda la msindano wa aina ya patula huweza kukaa mtini miaka, limefumba, mbegu zimo ndani. Atakaye mbegu kutoka kwenye mti bora uliosimama hana budi kuzifuata juu. Basi mkusanya mbegu na mchuma karafuu kazi yao ni ndugu: wote wawili huhitaji mikono kwa kuchumia, na papo hapo huihitaji kwa kujishikia.

Katika nchi nyingi wapandaji wa kazi kama hizi hutumia kamba mbili. Ya kwanza ni kamba kuu, iliyopitishwa juu penye panda nene ya shina. Ya pili ni ugwe mfupi, unaozungushwa mara tatu au zaidi juu ya kamba kuu, kisha ukaungwa na mkanda uliomfunga mpandaji kiunoni na mapajani. Akiusukuma kwa mkono, ugwe husogea naye. Akiteleza, uzito wake mwenyewe huukaza, nao huikaba kamba kuu asiende chini. Fundo moja la namna hii lilielezwa na Karl Prusik, mpanda milima wa Austria, mwaka 1931, na hata leo laitwa kwa jina lake.

Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Hapa ugwe lazima uwe mwembamba kuliko kamba kuu, maana ukilingana nayo haukabi vizuri. Kamba kuu ikiwa na unene wa milimita 12, ugwe wa milimita 8 hivi wafaa. Wembamba basi ni wa lazima. Udhaifu ndio usiokubalika. Ndiyo sababu tusiuchague ugwe kwa rangi wala kwa urahisi wa bei.

Kamba ya plastiki ya dukani, ile ya kufungia mizigo, ni ya kukataliwa. Huteleza, na ikisuguana kwa kasi hupata moto. Plastiki ya namna hiyo huyeyuka kwenye joto la nyuzi 165 hivi. Kamba ya usumba na ya katani hukaba vyema, lakini unyevu huziozesha kwa ndani, na mtu haoni kitu mpaka siku ya msiba. Nailoni na poliesta zilizosukwa hustahimili joto la zaidi ya nyuzi 200, na poliesta haivutiki sana. Ugwe uwe laini kiasi cha kujikunja vizuri. Ulio mgumu kama waya haushiki.

Tena ujaribiwe chini kwanza. Fundo lifungwe kwenye kamba kuu, mtu ajining'inize miguu ikiwa karibu na ardhi. Likiteleza, aongeze mzunguko mmoja. Likikaba hata lisifunguke kwa vidole, ugwe ule haufai kwa kazi. Mwisho wa kamba kuu upigwe fundo nene, ugwe usije ukatoka. Ugwe uliochakaa au kung'aa kwa joto ukatwe vipande, asije mtu akauokota akaupandia.

Najua jibu la wengine: mchumaji hulipwa kwa kadiri ya anachochuma, na kamba itamchelewesha. Ni kweli, siku za mwanzo itamchelewesha. Lakini mwenye mkono uliovunjika hachumi hata punje, na mkarafuu wake hubaki na karafuu zake mpaka zikawa mpeta. Shirika la ZSTC limepata kutoa fidia kwa walioanguka mikarafuuni, na ni jambo jema. Hata hivyo fidia humkuta mtu amekwisha anguka.

Shauri langu ni hili: gharama ya kamba na ugwe iwe juu ya mwenye shamba. Mchumaji asiachiwe, kwani yeye ataokota kile alichonacho. Na kwa kuwa mmoja mmoja hatuwezi sote, chama kinunue kamba nzuri kwa jumla, kiwaazime wanachama msimu hata msimu, na kila tawi liwe na mtu wa kuzikagua. Majamvi twanunua ili karafuu isiguse udongo. Aliyeichuma naye anastahili kuangaliwa hivyo hivyo.