Kuta za Bayeye

Kule Amsterdam, nyumba iliyomponyoka mchoraji Rembrandt alipofilisika mwaka 1656 ni makumbusho tangu 1911. Watu hulipa kiingilio waone alipolala na alipochanganya rangi. Nimeiwaza wiki hii kwenye basi la kutoka Bariadi, Lamadi, Magu, hadi Kisesa, nikienda Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padri David Clement. Ngoma zipo, viti vya watemi vipo. Mimi nilikuwa na hamu ya kuta. Bayeye, wale mafundi wa nyoka wa Kisukuma, walichora nyumba zao za mafunzo kwa ndani: nyoka, watu, mizimu, ili mwanagenzi ajifunze kwa macho. Mzungu mmoja, Hans Cory, alizinakili picha hizo, kitabu kikatoka London mwaka 1953. Basi ukuta wa udongo, ambao mvua mbili tatu huumaliza, umesalia kwenye karatasi ya Mzungu huyo! Simiyu, ulipo mji wa Bariadi nilikotoka, ni mkoa tangu 2012, na viwanja vya ofisi vimepimwa. Kimoja kingetosha nyumba ya tope, mafundi wachache, na chokaa, kuta hizo zichorwe upya.