Diploma mfukoni, fagio mkononi: kwa nini hatukubaki Butembo



Jumamosi ilikuwa siku yetu ya mwisho Butembo. Tulikuwa vijana kumi na wawili kutoka Mutwanga, chini ya mlima Ruwenzori. Kwa siku sita tulizibua mifereji na kuokota taka sokoni pamoja na vijana wa kule. Wengi wetu tuko na diploma ya chuo kikuu. Mwenye kazi hakuna hata mmoja.

Asubuhi ile kiongozi mmoja alikuja kutushukuru. Alipiga picha nasi, akashika koleo dakika mbili, kisha akatuomba tubaki mwezi mwingine. Malipo hakuna, akasema, lakini mutapata uzoefu.

Alipoondoka, mama mmoja muuza makayabo akatuita kando. Alifungua kitambaa chake, akatuonyesha tikiti ya kodi ya siku ile.

«Batoto yangu, hii nalipa kila asubuhi. Leo munaenda. Kesho nani atatosha huu uchafu?»

Tulinyamaza. Jibu hatukuwa nalo.

Tuliketi chini kujadiliana, na tuseme ukweli: wengine kati yetu walitaka kubaki. Kurudi Mutwanga ni kurudi kukaa. Kuna wenye mashamba ya kakao ya wazazi ambayo hayafikiki tena juu ya ADF. Tangu Oktoba 2014 watu wanauawa katika eneo la Beni, na hali ya dharura iliyoanza tarehe 6 Mei 2021 haikuleta usalama tulioahidiwa. Mwenzetu mmoja akasema: «Afadhali kufagia bure kuliko kukaa bure.» Hakuna aliyemcheka.

Lakini tuangalie Butembo yenyewe. Huu ni muji usiofanana na mingine. Wakati wa Mobutu, serkali ilipokuwa mbali, wafanyabiashara walichanga pesa kwa barabara, na makanisa yakabeba shule na hospitali. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianza mwaka wa 1989 kwa nguvu ya Kanisa. Watu wa Butembo wanajivunia hayo, na wako na haki. Sisi pia tulijivunia kutembea kwenye vilima vile.

Ila ukibeba mzigo wa mwenzako kila siku, atasahau kwamba ni wake. Wanainchi wanachanga, na kodi bado wanalipa. Barabara wanalipa mara mbili, taka wanalipa mara mbili. Sasa, baada ya pesa ya wazazi, wanataka mikono yetu pia, ya bure.

Tusisahau salongo ilitoka wapi. Mobutu aliifanya kazi ya lazima: mwanainchi afagie, mkubwa apite akiangalia. Leo hakuna anayetulazimisha kwa fimbo. Njaa ya kazi inatosha. Kijana anaambiwa «uzoefu», anaitika. Na ule mufereji ambao ungempa mutu mushahara kila mwezi unazibuliwa na mwenye diploma asiyekuwa na hata pesa ya sabuni. Tukibaki mwezi mmoja bure, nani atafikiria tena kuajiri wafagiaji?

Katiba ya mwaka wa 2006, kifungu cha 36, inasema kazi ni haki na wajibu mtakatifu, na kwamba Leta inahakikisha ulinzi juu ya ukosefu wa kazi, pamoja na malipo ya haki. Kifungu cha 53 kinampa kila mutu haki ya mazingira safi. Hatuombi zawadi.

Kwa hiyo tulikataa kubaki. Hatukatai salongo. Tutarudi tukiitwa na wandugu wetu, na Mutwanga pia tutafagia. Lakini tangu sasa fagio letu litatembea na swali.

Vijana wa Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba, tunawaomba mambo matatu. Kwanza, wasaidieni wamama wa soko kutunza tikiti zao za kodi, musizitupe. Pili, kabla ya kila salongo, andikeni barua kwa wakubwa wa komini: kodi ya soko iliingia ngapi mwezi huu, na ngapi ilitoka kwa usafi? Tatu, kama jibu halikuja, someni barua ile kwa sauti, palepale sokoni, mbele ya wanaolipa. Kwa amani, bila jiwe hata moja.

Barua ya kwanza tuliiandika palepale, tumekaa kwenye ndoo zetu. Yule mama wa makayabo hakutia sahihi, alisema anaogopa kupoteza nafasi yake sokoni. Tunamuelewa. Lakini alitupatia tikiti zake za juma lote, tuziambatanishe.

Mafagio tumewaachia vijana wa Butembo. Nakala ya barua iko nasi Mutwanga. Tunangoja jibu.