Kulmiye kilishindwa, kikaondoka

Hoja iliyochapishwa kwamba chama tawala katika nchi isiyotambuliwa hakiondoki kwa kura imeisahau Somaliland.

Mwaka 2003 Ahmed Silanyo wa Kulmiye, wakati huo chama cha upinzani, alishindwa urais kwa kura 80 tu kwa hesabu ya tume. Alipinga, mahakama ikamkatalia, mwishowe akakubali. Mwaka 2010 akashinda.

Kulmiye kikatawala miaka 14. Ni kweli, mwaka 2022 baraza la wazee, Guurti, lilimwongezea Rais Muse Bihi wa chama hicho miaka miwili bila kura, na vita vya mji wa Las Anod vikafuata. Hilo halitetewi hata kidogo.

Lakini Novemba 2024 wapiga kura walimchagua Abdirahman Irro wa chama cha upinzani cha Waddani. Desemba, Bihi alimkabidhi madaraka kwa amani.