Haki ya Mfanyakazi Isiishie Mpakani

Kanuni za Umoja wa Ulaya zataka mfanyakazi awe katika hifadhi ya jamii ya nchi moja tu. Akaaye Ufaransa na kuajiriwa Ujerumani, akifanya robo ya kazi yake nyumbani kwa kompyuta, hifadhi yake yahamia Ufaransa. Tangu tarehe 1 Julai 2023, mapatano ya nchi kadhaa, hizo mbili zikiwamo, yamwezesha kubaki katika hifadhi ya Ujerumani, mradi kazi ya nyumbani isifike nusu.

Hatua hiyo ni njema. Lakini ruhusa haiji yenyewe: sharti iombwe, na tajiri akubali. Hapo ndipo tunapopinga. Matibabu na malipo ya uzeeni ni jasho la mfanyakazi, si hisani ya tajiri. Wafanyakazi na wayadai kwa umoja, kabla ya kutia sahihi.